Aliyekata Tamaa Alishwe Kwanza

Wanaokuja kuniona mara chache husema wamepoteza imani. Husema wamechoka. "Mchungaji, nimechoka," halafu kimya. Mimi ni mchungaji wa Kimoraviani hapa Mbeya, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa na wagonjwa na wafiwa, na kuwafundisha wachungaji vijana namna ya kukaa nao. Nakutana na mkulima wa viazi wa Uporoto aliyeuza gunia kwa bei isiyorudisha hata hela ya mbolea. Nakutana na mama wa genge anayekimbizana na mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, na kijana aliyemaliza chuo ambaye anashinda kwa dada yake akiona aibu hata kuomba nauli. Wapo pia ambao hakuna kilichowaharibikia. Waliamka tu siku moja, kwaya ikaimba, wao hawakusikia kitu ndani yao.

Jibu wanalopewa wengi makanisani mwetu ni lile lile: ongeza maombi, funga, njoo kwenye mkesha, jichunguze kama kuna dhambi hujaitubu. Nasema wazi kwamba jibu hili likitangulia huwaumiza watu. Maombi ni uhai wangu mwenyewe, sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni kumdai maombi mtu ambaye hana nguvu hata ya kuoga, kisha kuyahesabu machovu yake kuwa ni uasi.

Nikifundisha jambo hili huanzia 1 Wafalme 19, nami nawaomba wanafunzi waisome sura ile polepole, kwa kufuata matukio yalivyopangwa. Nabii Eliya ametoka kuwashinda manabii wa mungu Baali katika Mlima Karmeli. Hakushindwa, alishinda. Kisha malkia Yezebeli anatuma ujumbe wa kumuua, naye anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Tazameni lile la kumwacha mtumishi. Mtu anayevunjika moyo huanza kwa kuwapunguza watu: haji kikundini, simu hapokei, ibada anatoka kabla ya matangazo. Ukiliona hilo kwa mwenzako, usisubiri mpaka aseme.

Sasa angalieni Mungu anavyomjibu. Hamkemei. Hamkumbushi ushindi wa Karmeli, hampi andiko. Eliya analala. Malaika anamgusa na kumwambia ainuke ale, na pale kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, bado ni chakula, na safari hii anaongeza neno moja la huruma, kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko uwezo wake. Ndipo Eliya anapotembea siku arobaini hadi Horebu, mlima wa Mungu. Mazungumzo ya rohoni yanakuja huko, baada ya usingizi, mkate, maji na mwendo mrefu wa miguu. Anayemrudishia mtu usingizi wake tayari amekwisha kuingia kwenye kazi ya Roho Mtakatifu.

Wanawake wa vijijini kwetu wanalijua hili kuliko sisi tuliosoma vyuo vya theolojia. Kuna mama mmoja huko milimani, jina lake nalihifadhi, alifiwa na mumewe, na msimu ule ule baridi ikaunguza shamba lake la viazi. Alijifungia. Nilipofika nyumbani kwake na Biblia mkononi, nilikuta wenzake wa kikundi wamenitangulia. Mmoja anachochea kuni jikoni, mwingine anafua blanketi za watoto, wa tatu ameketi mkekani karibu naye na bakuli la uji wa ulezi. Mama anasema hawezi. Yule wa bakuli hakubishana naye. "Mwenzangu, kunywa kidogo, maneno yapo tu," akampulizia uji, akamshikia bakuli. Hakuna aliyeomba kwa sauti mpaka jua lilipoelekea kuzama. Walipoomba, walitumia Kinyakyusa, wakamwita Kyala, yaani Mungu, kwa maneno machache, kila mmoja akarudi kwake kukamua ng'ombe. Kesho yake wakarudi.

Jambo la pili ambalo tunalikwepa ni malalamiko. Huko Horebu Mungu anamuuliza Eliya anafanya nini pale, naye anamwaga yote: nimejitahidi, wameua manabii, nimebaki peke yangu. Anaulizwa tena, anarudia maneno yale yale, na Mungu anamsikiliza mara zote mbili. Nasi tunamwambia mfiwa "usilie, mwachie Mungu" kabla kaburi halijafukiwa! Wazee wa Rungwe hawakuwa hivyo. Msiba wa zamani ulikuwa na vilio vya wanawake, ngoma, na wanaume wakicheza na mikuki yao, huzuni ikatoka kwa mwili mzima. Sisemi turudi huko kote. Nasema kanisa halina ruhusa ya kuwa na machozi machache kuliko Biblia yake.

Katika Zaburi zote 150, karibu theluthi moja ni maombolezo. Ninayoanza nayo ni ya 13, kwa sababu ni fupi, aya 6 tu, na mtu aliyechoka anaweza kuimaliza. Kwanza inamwita Mungu kwa jina. Kisha inauliza "hata lini?" mara nne mfululizo, bila adabu ya kujifanya. Kisha inaomba kitu mahususi: niangalie, unijibu, uyatie macho yangu nuru. Mwishoni tu ndipo inapokumbuka fadhili na kuimba. Huwapa watu kalamu na karatasi, nikawaambia waandike ya kwao kwa mpangilio huo, kwa lugha wanayootea ndoto. Usiandike "Mungu nisaidie". Andika "Baba, deni la mwezi huu, na yule mtu anakuja Ijumaa". Mtu asiyeweza kufika kwenye sehemu ya kusifu, namwachia aishie alipoishia. Zaburi ya 88 inaishia gizani, haina aya ya furaha hata moja, na bado imo katika kitabu cha sala. Aliyeiandika alikuwa bado anazungumza na Mungu, na mimi naihesabu hiyo kuwa imani.

La tatu ni kazi ndogo. Baada ya upepo, tetemeko, moto na ile sauti ya utulivu, Eliya hapewi maelezo ya mateso yake. Anapewa safari na majina ya watu wa kwenda kuwatia mafuta: Hazaeli, Yehu, Elisha. Mtu wa kwetu mpe kitu kinachoisha siku hiyo hiyo, kama kupalilia tuta moja, kumpeleka mtoto wa jirani kliniki au kufagia kanisa Jumamosi. Usimfanye mwenyekiti wa kamati.

Na Elisha hakuwa kazi tu, alikuwa mwenzake. Eliya aliyemwacha mtumishi Beer-sheba anarudishiwa mtu wa kutembea naye, pamoja na habari kwamba wapo 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Hapa naomba niseme kidogo juu ya historia ya kanisa langu, maana huwa inanipa nguvu. Mei 1728, katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoraviani wa wakati ule, alianza desturi ya kuwapa waumini neno moja la Maandiko au la wimbo kwa ajili ya kesho yake. Lilipelekwa nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Tangu 1731 limechapishwa kama kitabu, na hadi leo linasomwa kila siku duniani kote, nasi tukiwemo. Kitabu nakipenda, lakini naona hasara tuliyopata yule mpeleka neno alipokoma kubisha hodi. Neno lililofika na mtu lilimkuta mgonjwa kitandani na jiko lisilo na moto. Siku hizi andiko la siku linaingia kwenye kundi la WhatsApp, watu wanajibu "Amina", na hakuna anayejua nani hajala tangu jana. Tuma andiko, sawa. Kisha chagua jina moja uende kwake.

Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika huku mwaka 1916, Wajerumani wale walichukuliwa mateka na vituo vikabaki bila wao. Waliobaki kulibeba kanisa ni wenyeji: walimu wa vijijini, wazee, kina mama. Waliendelea kukusanyika na kufundishana, katika miaka ya vita, kubebeshwa mizigo kwa lazima, na njaa. Mkristo wa Tukuyu anayenieleza kwamba hatuwezi kusimama bila mhubiri mkubwa kutoka mjini, namkumbusha habari za babu zake.

Sasa hili nalisema kwa uzito wote nilio nao. Kuna kuvunjika moyo ambako chakula, maombolezo na wenzako vitakusaidia upite, na kuna sonona, ambayo ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya kula vikivurugika, nguvu zikiisha, mtu akijiona hana thamani: huyo apelekwe kituo cha afya. Akianza kusema ni bora asingekuwepo, au anagawa vitu vyake, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa mlango wa kusema. Usimwache peke yake, ondoa viuatilifu vya shambani nyumbani, maana huku kwetu sumu hiyo iko karibu na kila kitanda, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Mchungaji afuatane naye. Akiandikiwa dawa, nyingi huchukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu, kwa hiyo awepo wa kumtia moyo azimeze katika kipindi hicho. Na akishaona nafuu, hata kama ameombewa na anajisikia mzima kabisa, asiziache mpaka daktari aliyemwandikia aseme.