Msimu wa besiboli Marekani unaendaje mpaka bingwa apatikane

Kwa aliyezoea ligi ya mpira wa miguu, msimu wa MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, unachanganya kidogo mwanzoni, maana kila timu inacheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba, yaani ni mechi karibu kila siku, na hata timu kali kwa kawaida inapoteza mechi 60 hivi na watu wanaona sawa tu. Pointi za msimamo hakuna, kinachohesabiwa ni mechi ulizoshinda. Sare nayo hamna, mkilingana mnaendelea mpaka mmoja ashinde.

Timu ziko 30, zimegawanywa ligi mbili, American na National, kila ligi ina makundi matatu ya timu tano tano. Tangu 2022 zinazoingia mtoano ni 12, sita kila upande: vinara watatu wa makundi na zingine tatu zenye rekodi nzuri, hizi wanaziita waildi kadi, chukulia kama best luza wa mashindano yetu ya huku. Vinara wawili bora wanaruka raundi ya kwanza, ambayo ni ya kuwahi ushindi 2, inayofuata ni 3, nusu fainali 4, halafu bingwa wa American anakutana na wa National kwenye World Series, nayo anayewahi 4 kabeba.

Sasa utamu uko hapa. Mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, akianza mechi na akisharusha mipira 90 au 100 anapumzika siku nne tano, kwa hiyo kwa miezi sita unahitaji wa kuanzia watano wa uhakika, ila Oktoba, mwezi wa mtoano, kuna siku za kupumzika katikati, wawili watatu wazuri wanaweza kukubeba, na mmoja akiamka vibaya umeisha. Mwaka 2023 Los Angeles Dodgers walishinda mechi 100, wakakutana na Arizona Diamondbacks waliopenya na 84 tu. Mechi ya kwanza mrushaji wa Dodgers, Clayton Kershaw, moja ya mikono bora kabisa ya kizazi chake, alipigwa run (ndiyo mabao ya besiboli) sita akiwa ametoa mpigaji mmoja tu, Dodgers wakafa 11-2 na wakatolewa 3-0. Arizona wakaenda mpaka World Series, wakafungwa 4-1 na Texas Rangers, ambao nao waliingia kwa waildi kadi na hawakuwahi kubeba ubingwa kabla ya hapo.