Ile S ya kwanza kwenye SRS

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena lile kosa kuhusu SRS. Tulikuwa gereji, na kijana mmoja alikuwa anamwonyesha rafiki yake Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006 aliyoinunua karibuni. Akaweka kidole katikati ya usukani, pale kwenye herufi zilizochongwa juu ya plastiki, akasema: "Unaona hapa? SRS. Hii siyo Impreza ya kawaida, hii ni ya spoti." Rafiki yake akatikisa kichwa kwa heshima. Maneno hayo nimeshayasikia kwa madalali, na nimeyasoma kwenye matangazo ya kuuza magari, SRS imepangwa mstari mmoja na spoila, rimu na taabo. Naona wakati umefika tuelezane.

SRS ni herufi za Supplemental Restraint System, yaani mfumo wa nyongeza wa kumzuia aliyeketi asirushwe gari linapogonga. Ndani yake mna eabegi, yaani mfuko unaojaa gesi ghafla mbele yako, sensa za kuhisi kishindo, kompyuta yake, na kifaa kidogo cha kukaza mkanda. Vitz ya kwendea sokoni inayo. Noah ya kubeba watoto wa shule inayo. Maana ya neno ni hiyo tu, na spoti haimo.

Ninachotaka tukitazame vizuri ni ile S ya kwanza, Supplemental, kwa sababu hata wanaojua kwamba si spoti huipita kana kwamba haipo. Ni nyongeza. Na nyongeza kila mtu anaijua tangu sokoni: umenunua fungu la nyanya, unamwambia mama, "niongezee basi," anakutupia mbili juu. Hizo mbili zimekuja kwa sababu umenunua fungu. Usiponunua fungu, huna nyongeza ya kudai. Kwenye gari, fungu ni mkanda, na eabegi ndizo zile nyanya mbili.

Neno hilo halikuwekwa kwa bahati. Miaka ya 1970 huko Marekani, watu wengi walikuwa hawafungi mikanda, na hoja iliyokuwa na nguvu ni kwamba gari limlinde mtu bila yeye kufanya chochote. General Motors wakauza magari yenye eabegi kati ya 1974 na 1976, na mfumo wao waliuita Air Cushion Restraint System. Soma jina hilo tena: nyongeza haimo. Eabegi ilitazamiwa kufanya kazi ya mkanda wa begani. Mercedes-Benz walipoileta kwenye S-Class mwaka 1981 walikuja na fikra nyingine: eabegi upande wa dereva, mkanda unaojikaza wenyewe upande wa abiria, na vyote viwili vikiwa msaada kwa mtu aliyekwisha kufunga mkanda. Jina la SRS linabeba fikra hiyo. Miaka michache baadaye, mwaka 1987, Porsche 944 Turbo ikawa na eabegi mbili za mbele, ya dereva na ya abiria, bila mnunuzi kulipia zaidi. Hapo ndipo gari la spoti linapoingia kweli katika habari hii, na hata humo eabegi ilikuja kumsaidia mtu aliyefunga mkanda.

Kwa nini haiwezi kusimama peke yake? Kwa sababu ya muda. Kuanzia sensa ihisi kishindo mpaka mfuko ujae ni kama sehemu 30 za elfu za sekunde. Mfuko unatoka kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa, kisha unaanza kupungua kupitia matundu yake ili uso wako uzame taratibu. Mpango mzima unategemea ukutane nao ukiwa umeshajaa. Usipofunga mkanda, breki ile ya ghafla kabla ya kugonga inakusogeza mbele, na mfuko unakukuta kifua kiko juu ya usukani, nao ndiyo kwanza unalipuka. Ndiyo maana tunashauriwa kuacha angalau sentimita 25 kati ya kifua na usukani, na mtoto mchanga anayetazama nyuma kwenye kiti chake asiwekwe kabisa mbele ya eabegi inayofanya kazi.

Nimesema "unalipuka," na sikukosea. Jina letu la "mfuko wa hewa" ni zuri masikioni, ila limewafanya watu wadhani mna upepo uliobanwa, kama tairi. Fundi mmoja aliwahi kuulizwa mbele yangu kama eabegi inajazwa wakati wa sevisi. Mle ndani kuna kemikali inayowashwa kwa umeme, inaungua na kutoa gesi. Zamani nyingi zilitumia sodiamu azidi, nayo hutoa naitrojeni. Ikishafyatuka imekwisha, inawekwa nyingine mpya, pamoja na mikanda iliyojikaza siku hiyo.

Kwa sababu ni baruti, umri na hali ya hewa ni mambo ya kujali. Eabegi za kampuni ya Takata ya Japani zilitumia amonia naitreti, ambayo joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu. Siku ya kufyatuka, kopo la chuma lenye kemikali hiyo linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva au abiria. Magari mengi sana duniani yaliitwa kubadilishiwa, zikiwemo Impreza za miaka ile na Mazda RX-8, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa, tunaoendesha magari yaliyotumika Japani katika joto hili la pwani, tuna kila sababu ya kuingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuona kama gari lilishabadilishiwa.

Sasa sevisi. Eabegi haitiwi grisi wala haibadilishwi kila kilomita 5,000. Kazi yako kubwa ni kuitazama taa. Ukifungua switchi, taa ya eabegi inawaka sekunde chache kisha inazima. Ikibaki inawaka, haikuambii kwamba eabegi iko tayari, kama wengi wanavyodhani. Inakuambia mfumo umeona hitilafu na huenda usifyatuke. Na isipowaka kabisa, ogopa zaidi, maana huenda kuna mtu ameichomoa.

Pale gereji yule kijana alikuwa amekuja kubadilisha usukani, aweke ule mdogo wa mashindano, na fundi alishamwahidi: "Taa tutaizima, tunafunga rezista." Nikaiona hiyo rezista mezani, kifaa cha umeme kisichozidi punje ya mchele. Ikifungwa kwenye waya wa manjano, kompyuta inadanganywa kwamba eabegi ipo. Taa inazima vizuri kabisa, na mbele ya kifua cha dereva hakuna kitu. Viti vya mashindano ni hivyo hivyo kwa gari lenye eabegi ubavuni mwa kiti: ukiking'oa umeng'oa na yake. Hata makava tunayoshonesha kwa fundi cherehani yanaifunga isitoke. Na kama lazima fundi aguse nyaya za manjano, betri ichomolewe kwanza na asubiri dakika chache, kwa sababu umeme hubaki umehifadhiwa ndani, na asizipime eabegi kwa taa ya majaribio.

Nilimwita pembeni nikamweleza, naye akasikiliza vizuri. Mdogo wangu, WRX yako ni gari la spoti kweli. Ina taabo, inavuta magurudumu yote manne, hayo yaseme kwa sauti. Ila usukani huo wenye herufi tatu uache ulivyotoka kiwandani, na mkanda ufunge hata ukienda dukani. Siku ukiliuza, SRS usiiandike karibu na spoila. Iandike pale penye mikanda na breki, hivi: "SRS ipo, taa inawaka na kuzima yenyewe, namba ya chesisi imeangaliwa."