Usiku wa sanaa mtaani Amu: anza na mwezi, spika baadaye

Asubuhi baada ya usiku wetu wa kwanza niliitwa barazani. Kwetu Amu (mji wa Lamu) mzee wa mtaa akikuita kabla ya chai wajua kuna neno. Sikugombwa. Aliniambia tu "ndoo (njoo) mwanangu, keti", alafu akanionyesha dirisha la nyumba iliyopakana na kile kiwanja tulichopigia muziki, akasema mle ndani mna mama mgonjwa na jana dari ilikuwa ikitetema juu ya kitanda chake. Hakusema kelele. Alisema dari.

Nimekaa na hilo neno mwaka wa tatu huu, na kila anaekuja kuniuliza vipi aanzishe usiku wa muziki na sanaa mtaani kwao swali lake la kwanza ni anunue spika gani, na mimi swali langu la kwanza kwake ni: sauti yako wataka iishie wapi?

Mimi ni fundi wa soundi. Miaka kumi na moja nimefunga vyombo kwenye maharusi na mikutano, toka Shela mpaka Faza, kwa hivyo usiku ule nilifanya nilichozoea, nikapakia punda wawili spika mbili za inchi 15 na besi yake, nikazipanga pembeni ya kiwanja penye kona ya kuta mbili manake hapo ndo palikuwa na nafasi. Kiwanja chenyewe hakifiki hata mita kumi urefu, na waliokuja ni watu arobaini kusikiliza udi mmoja na fidla moja. Sasa fundi yeyote atakwambia, besi ukiiweka konani kuta zote mbili zaisukuma, yaongezeka pasipo wewe kugusa kitufe, na nyumba zetu za mawe hata kama ukuta una unene wa nusu mita, madirisha yako wazi na dari ni za boriti, na boriti hupokea ile ngurumo ya chini ikaingia nayo mpaka chumbani. Mimi niliyekaa kwenye mikisa nilisikia muziki mtamu. Yule mama alisikia boriti.

Lakini hamu ya kuanzisha kitu hiki ilikuwa na sababu na sababu ile ipo mpaka leo. Kafyu ya 2014 ilitufungia ndani usiku kwa miezi, na tulipoanza kurudi barazani ikaja ile ya korona, Machi 2020 mpaka Oktoba 2021. Ukihesabu, kijana aliyekuwa na miaka kumi 2014 amekua akijua kuwa usiku ni wa kukaa na simu. Tuna maulidi ya mfungo sita, tuna tamasha la mwezi wa Novemba, ni makubwa na yanapendeza mashaallah, lakini ni mambo ya mara moja kwa mwaka, na mpiga udi hakuzwi na mara moja kwa mwaka. Akuzwa na watu ishirini wanaomjua jina, wanaokaa hatua mbili mbele yake, kila mwezi.

Kwa hivyo tulianza upya na kitu cha kwanza tulichopanga ni siku.

Hapa wengi huteleza. Wanachukua kalenda ya ukutani wanasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, basi. Sisi mara ya pili tulichagua usiku wa mbalamwezi kamili, tukaona vijia vitakuwa na mwanga hata umeme ukikatika. Mwanga ulikuwepo. Ila mwezi ukiwa kamili ni bamvua, maji makubwa, na wakati wa bamvua maji huku kwetu hujaa saa kumi kumi na moja hivi, mchana na usiku, kwa hivyo saa nne saa tano usiku ndo yamekupwa kabisa. Mpiga fidla wetu yuatoka Matondoni kwa mashua. Alipofika kwao ule usiku ilibidi ashuke kwenye matope, maji hayapo, fidla imefungwa kwenye kikoi kichwani, akatembea hivyo mpaka nchi kavu, na asubuhi nilipompigia simu alinijibu kwa upole lakini nilielewa kuwa mara ya pili hatakuja.

Sasa huwa nahesabu mwezi wa angani. Jumamosi iliyo karibu na mwezi wa siku nane, tisa, kumi hapo. Mwezi ni nusu, magharibi ukiingia uko juu kichwani na hauzami mpaka usiku wa manane, kwa hivyo mwanga upo wakati wote mnaouhitaji. Na maji ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa nne ndo yanajaa, mashua ya Shela, ya Matondoni, yote yapita. Mzee yeyote aliyevua samaki angenieleza haya kwa dakika mbili, nilipaswa kuuliza.

Alafu usiku wa kuamkia Ijumaa muuachie wenyewe, ni wa dhikri na nyiradi. Ramadhani tunafunga kabisa. Shaaban kuna maharusi mengi, ulizia kwanza usije ukagongana na harusi ya jirani. Na mtaani kukiwa na msiba hakuna mjadala, tunaahirisha, hata kama kahawa ishanunuliwa. Tunaanza baada ya Ishaa, watu washaswali washakula, saa mbili na nusu, na saa nne na nusu natoa waya mimi mwenyewe hata kama shairi limenoga.

Haya, sauti.

Besi nimeiacha nyumbani haijarudi tena. Spika ni moja, ya wati 150, haiko juu ya stendi, iko juu ya meza ndogo usawa wa sikio la mtu aliyeketi mkekani, mbali na kona, na inatazama kule kwenye urefu wa kiwanja. Kwenye uwanja wazi kila ukiongeza umbali mara mbili sauti yapungua desibeli 6, lakini hapa kwetu si uwanja wazi, kuta za vijia zinaibeba kama bomba na inafika mbali kuliko unavyodhani. Ndo maana dawa ni kuwasogeza watu. Nusu duara, safu ya kwanza mita mbili toka kwa mpigaji, watoto mbele kabisa. Watu wakiwa karibu hakuna haja ya kuongeza sauti, na miili yenyewe, nguo, mabuibui, vinanyonya sauti kuliko kitu chochote utakachonunua.

Maiki zangu ni mbili tu, ya mwimbaji na ya udi. Dumbaki (ngoma) haihitaji maiki, mpigaji wake usimwekee hata akiomba, ukimwekea yeye mwimbaji atataka aongezwe, alafu udi, na baada ya nusu saa mko pale pale nilipokuwa usiku wa kwanza. Maiki ya udi naiweka kama shubiri moja toka kwenye ubao, naielekeza kati ya tundu na daraja, nisiiingize tunduni manake pale pana mvumo mtupu. Kwenye mikisa nakata kila kitu chini ya hezi 100. Udi unapoteza kidogo kwenye uzi wake mzito, ni kweli, lakini sikio la mtu linaujazia lenyewe, na boriti za jirani zapumzika.

Kilichobaki ni ule mdundo wa kuta mbili zinazotazamana, ukipiga kofi wasikia trrrr. Hapa tulipata bahati. Nahodha mmoja alitupa tanga kuukuu la jahazi, zito, limeshonwa shonwa viraka, bado lanuka chumvi na sifa (yale mafuta ya papa). Tunalitundika upande mmoja, tunaliacha lining'inie shubiri moja mbele ya ukuta lisiushike, manake kitambaa kikiwa na hewa nyuma yake chanyonya zaidi kuliko kikigusa. Siku ya kwanza tulipolitundika mpiga udi alipiga nyuzi mbili tatu akanyamaza, akatazama juu, akapiga tena. "Sasa najisikia", alisema. Tanga hilo hilo ndo pazia letu la picha, watoto wa mtaa wanabandika michoro yao upande wa chini kwa pini za kanga.

Ngoma za ngozi na bahari si marafiki. Umande wa usiku unalegeza tari mpaka yalia kama debe, na wapigaji wamezoea kuwasha makuti wazipashe moto, sasa katikati ya mji huu, paa nyengine bado za makuti, mimi hilo silikubali. Tunawawekea seredani ya makaa pembeni na ndoo ya maji kando yake. Wanapasha, wanagonga kwa kidole, wanasikiliza, wanapasha tena. Hata kuwatazama tu ni sehemu ya usiku wenyewe. Wenye udi nao wafike nusu saa mapema, nyuzi kumi na moja zikitoka chumbani zikakutana na upepo wa bahari lazima zihame, na kulinganisha nyuzi mbele za watu waliokwisha kukaa kunaua hamu.

Umeme tunachukua kwa jirani, na jirani mwenyewe ni binti wa yule mama mgonjwa. Nilimwendea nikamwomba radhi kwanza, alafu nikamwomba awe yeye ndo anaetuambia sauti ipunguzwe, akisimama mlangoni mwake na kuinua mkono mimi nashusha, sibishani. Spika na taa zote ni kama wati 190, kwa masaa matatu haifiki hata yuniti moja, sisi tunamnunulia tokeni zaidi ya hapo. Umeme ukikatika nina betri ya sola ya volti 12, ya ampea-saa 100 (Ah), na inveta yake, yatosha usiku mzima.

Sheria usiidharau ati kwa vile ni mtaani kwenu. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zinasema eneo la makazi baada ya saa mbili usiku ni desibeli 35 nje, na hiyo ni ndogo sana, watu wakizungumza tu barazani wamepita. Kanuni zenyewe zina njia ya kuomba kibali, nenda kaunti uliza mapema, na umwambie chifu na nyumba kumi wako. Na usipige miziki ya kurekodiwa wakati wa mapumziko, hiyo ina leseni zake chini ya sheria ya hakimiliki ya 2001. Sisi mapumziko ni kahawa.

Kahawa yenyewe ya dele (birika la kahawa), chungu, na halua au kashata. Mwenye kahawa anazunguka akigonga vikombe na mlio ule ndo ishara kuwa sasa ni zamu ya mashairi. Mtu anatoa fumbo kwa ubeti mmoja, mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, na mwengine ana muda wa kikombe kimoja kulijibu kwa ubeti wa bahari (aina ya shairi) ile ile. Hili si jipya, mababu walikuwa na gungu, ngoma ya kufumbana kwa mashairi, sisi tumelitoa tu kabatini. Mara ya kwanza walijibizana wazee watupu. Mara ya nne kijana wa bodaboda alisimama, mikono yatetemeka, alikuwa ameandika kwenye simu, mshororo wa tatu ulikuwa na mizani kumi na tano, na mzee mmoja aliunyoosha kwa neno moja tu taratibu bila kumwaibisha, kijana akaurudia, kiwanja kizima kikaitikia. Nilikuwa nimeshika kitufe cha sauti na nikasahau kama nimekishika.

Kina mama. Nisikilize hapa tafadhali. Usipowapangia mahali pao na heshima yao usiku wako utakuwa wa wanaume tu na utakufa. Sisi upande wa pili wa tanga ni wao, wana mlango wao wa kuingilia usiopita katikati ya wanaume, na kikundi chao cha vugo (ngoma ya wanawake ya kugonga pembe) kina zamu yake kamili si dakika tano za kuzibia pengo. Sharti lao la kwanza lilikuwa simu. Hakuna kurekodi upande wao, hata picha moja, na wa kwanza aliyeinua simu alikuwa rafiki yangu, nikasimamisha muziki mpaka akaifuta. Tangu hapo wanakuja na wageni wao.

Pesa hatutozi mlangoni. Watu wanatuza kama ilivyo desturi, siniya moja katikati, na namba ya kutumia imeandikwa kwenye kipande cha boksi. Mwisho wa usiku tunahesabu mbele ya wote, nauli ya mashua yatoka kwanza, kahawa ya pili, inayobaki wanagawana wapigaji sawa sawa, mwimbaji na mwenye tari kiwango kimoja. Mimi sichukui. Mwenye nakshi ambaye huja na ubao wake na patasi akakaa chini ya taa akichonga huku muziki unaendelea, yeye hatoi wala hapokei, ila ameshapata wanafunzi wawili wa mtaani.

Na njia msiizibe. Acha nafasi punda apite na mzigo wake, acha nafasi mgonjwa abebwe.

Usiku unaokuja ni Jumamosi hii, mwezi utakuwa wa siku tisa inshaallah, baada ya Ishaa. Vugo ndo wanaofungua. Tanga limechanika pale kwenye kiraka cha juu, kusi lilikuwa kali wiki jana, kwa hivyo mwenye sindano ya matanga na uzi mnene aje nayo mapema, alasiri nitakuwa hapo kiwanjani nalitandaza.