Positroni: chembe inayotafuta mapengo ndani ya chuma

Chuma cha meli, vivuko na mitambo ya viwanda vya samaki hapa Mwanza hakichoki kwa siku moja. Kabla ufa haujaonekana, atomu zimeshaanza kukosekana kwenye safu zake, na kila chuma kinapopindwa na mawimbi au mizigo, mapengo hayo huongezeka. Pengo la atomu moja ni dogo mno. Vipimo vya mawimbi ya sauti wanavyotumia mafundi kutafuta nyufa haviwezi kulinasa. Positroni inalinasa.

Positroni ina uzito sawa na elektroni, ila chaji yake ni chanya. Mwingereza Paul Dirac aliibashiri kwa hesabu mwaka 1931, na mwaka uliofuata Carl Anderson akaiona Marekani akichunguza miale itokayo anga za mbali. Leo tunaipata kutoka sodiamu-22, aina ya sodiamu inayotoa mionzi, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 2.6.

Sodiamu hiyo, kidogo sana, hufungwa kwenye utando mwembamba na kubanwa katikati ya vipande viwili vya chuma kinachochunguzwa. Positroni inapotoka, karibu papo hapo hutoka pia mwale wa gama, yaani mnururisho wenye nguvu nyingi, wa kiloelektronivolti 1,275 (kipimo cha nishati): huo unatangaza kuzaliwa. Positroni huingia kwenye chuma, hupoteza mwendo, hutangatanga, kisha hukutana na elektroni. Zote mbili hutoweka, na mahali pake huchomoka miale miwili ya gama ya kiloelektronivolti 511 kila mmoja, ikielekea pande zinazopingana. Hiyo inatangaza kifo. Kifaa cha kielektroniki hupima muda uliopita katikati.

Muda huo ndio wenye habari yote. Viini vya atomu vina chaji chanya, hivyo huisukuma positroni. Palipokosekana atomu hakuna kiini cha kuisukuma, nayo hukimbilia hapo kama abiria wa daladala aliyeona kiti kitupu. Humo elektroni ni chache, basi positroni huishi zaidi. Katika aluminiamu isiyo na mapengo huishi takriban pikosekunde 165, yaani sehemu 165 za sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni moja. Ikinaswa kwenye pengo la atomu moja hufika karibu 240. Pengo moja kati ya atomu milioni moja linatosha kubadili kipimo! Binafsi sijui njia nyingine inayoonyesha mapengo hayo kwa wepesi kiasi hiki bila kukiharibu kipande kinachopimwa.

Kwenye plastiki, positroni huweza kuungana kwanza na elektroni, na muungano huo hudumu zaidi kadiri tundu dogo la ndani ya plastiki ulimonaswa linavyokuwa kubwa. Kwa njia hiyo hupimwa jinsi plastiki inavyobadilika ikizeeka.

Positroni za sodiamu-22 hazipenyi hata milimita moja ndani ya chuma, kwa hiyo kwa kawaida hukatwa sampuli ikapelekwa maabara. Njia hii haichukui nafasi ya ukaguzi wa vivuko. Inawafaa zaidi wanaochagua na kuboresha chuma chenyewe. Lakini haihitaji kinu cha nyuklia, na vifaa vyake hutosha juu ya meza. Ndiyo maana natamani sana vyuo vya Kanda ya Ziwa viwe navyo. Hatua ya kwanza ni leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, pamoja na mtu aliyefunzwa kulinda chanzo hicho cha mionzi.