Weupe kwenye picha ya kiuno: ugonjwa au mzigo?

Fomu ya kuombea picha ilikuwa na maneno matatu tu: "maumivu ya kiuno". Mgonjwa ni mama wa Paje, mkulima wa mwani. Kwenye MRI, pale mfupa mpana wa chini ya uti wa mgongo unapopakana na mifupa ya nyonga, paling'aa pande zote mbili. Nikaandika ripoti: sakroilaitisi, yaani uvimbe wa kiungo hicho, nikimaanisha kinga ya mwili inakishambulia. Wiki iliyofuata nikapishana naye kwenye korido, kambeba mtoto wa miezi minne. Hakuna aliyemuuliza habari za kujifungua, nami nikiwamo.

Weupe ule ni maji ndani ya uboho. STIR, aina mojawapo ya picha za MRI, huzima mafuta ili maji yaonekane. Nani kayaleta, haisemi. Mimba hulegeza kano za kiungo hiki, uzito ukaegemea mbele, kisha uzazi ukakivuta. Wanawake wengi hubaki na maji hayo kwa miezi kadhaa. Hata wakimbiaji na askari wapya wasio na ugonjwa wowote huonekana nayo. Kigezo cha 2009 cha ASAS, jopo la kimataifa la wataalamu wa ugonjwa huu wa kinga, kinataka weupe kwenye vipande viwili vya picha vinavyofuatana, au zaidi ya doa moja kwenye kipande kimoja. Mzazi mpya anakifikia bila taabu! Na kigezo chenyewe kiliwekwa kwa ajili ya kuainisha wagonjwa ambao tayari wana dalili. Hakikukusudiwa kumpachika ugonjwa kila anayeng'aa.

Siku hizi sifungi ripoti kabla ya kukaa na T1, picha nyingine ya MRI inayoonyesha vizuri mafuta na umbo la mfupa. Humo naufuata ukingo wa mfupa, milimita kwa milimita. Ukiwa umeliwa-liwa kama mbao iliyoingiliwa na mchwa, uboho wa jirani umegeuka mafuta, au mifupa imeanza kushikana, hapo nafikiria ugonjwa wa kinga. Maji ya mzigo kwa kawaida hukaa sehemu ya mbele ya kiungo, hayazami sana, na ukingo hubaki mzima. Eksirei ya mama aliyezaa mara kadhaa huweza kuonyesha pembetatu nyeupe upande wa nyonga huku nafasi ya kiungo ikiwa salama. Hiyo ni ostaitisi kondensansi, si ya kumtia mtu hofu. Ukingo ukinitatiza, siti skani inauonyesha vizuri kuliko eksirei, maana kiungo hiki kimepinda na kwenye eksirei kivuli hulalia kivuli.

Weupe wa upande mmoja uliovuka hadi kwenye misuli ni habari nyingine kabisa. Hapo nawaza usaha na kifua kikuu cha mfupa kwanza.

Na nyinyi madaktari mnaotuma wagonjwa, jamani, majibu ya maswali haya yaandikeni kwenye fomu. Maumivu yalianza kabla ya miaka 45? Yanamwamsha usiku wa manane? Asubuhi anakakamaa zaidi ya nusu saa, kisha akitembea anapata nafuu? Au humzidi akishinda ameinama kwenye mwani na hutulia akilala? Kipimo cha HLA-B27, jeni inayohusishwa na ugonjwa huu wa kinga, msikitegemee peke yake: jeni hiyo ni adimu kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, kwa hiyo kuikosa hakumwondolei mtu ugonjwa.

Jioni ile niliifungua tena T1 ya yule mama. Ukingo ulikuwa mzima pande zote mbili, maji yako mbele tu. Nikampigia daktari wake kabla hajaanza kumwandikia dawa, nikatuma ripoti mpya, na safari hii umri wa mtoto niliuandika mstari wa kwanza.