Ishara za mikono hazimfanyi mtoto awe mvivu wa kuongea

"Usimzoeze ishara, hataongea huyo." Mzazi wa mtoto wa miaka 2 asiye na maneno huambiwa hivi mara kwa mara, tena na watu wanaomtakia mema. Si kweli. Watoto wengi huanza kunyoosha kidole kabla ya kusema, karibu na umri wa mwaka 1, na maneno hufuata. Anayeweza kuomba maji kwa mkono hupunguza vilio, na mzazi hupata nafasi ya kulitamka neno wakati mtoto analihitaji. Hapo ndipo linaposhika.

Sharti ni moja: ishara iende na sauti. Onyesha, sema "maji", mpe. Kumnyima kikombe mpaka atamke ni kumkomoa tu, ataacha kuomba.

Kuna hatari zaidi katika kusubiri. Kufikia miezi 24 wengi huwa na maneno yapatayo 50 na huunganisha mawili, kama "baba njoo". Aliye mbali na hapo apimwe masikio kwanza, hata kama hushtuka mlango ukibamizwa (kishindo si sawa na sauti nyembamba za maneno), kisha aonwe na mtaalamu wa lugha na matamshi. Ishara ziendelee wakati huohuo.