Je, Waswahili walipungua nusu? Namna ninavyozisoma hesabu za watu wa Mombasa

Kila baada ya miezi michache hunifikia ujumbe ule ule, mara nyingi kutoka kwa kijana wa Kisauni au wa Mji wa Kale aliyezikuta takwimu mbili na kuzipanga sambamba. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu Waswahili 110,614. Ile ya 2019 ikahesabu Waswahili 56,074. "Mwalimu, wenzetu wamekwenda wapi?"

Kazi yangu ni demografia, elimu ya idadi ya watu, na mji nilioushughulikia kuliko mwingine wowote ni huu wa Mombasa nilikozaliwa. Swali hilo nalipenda. Ukilijibu kwa ukamilifu, unajikuta umeueleza mji mzima.

Jawabu la haraka ni kwamba hawakwenda popote. Mwaka 2009 Wabajuni walihesabiwa ndani ya Waswahili. Mwaka 2019 walipewa mstari wao peke yao, na wakawa 91,422. Jumlisha mistari hiyo miwili unapata 147,496, watu wengi zaidi kuliko miaka kumi nyuma. Waliohamishwa ni wale wale, kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine. Tena hizi ni hesabu za Kenya nzima, si za Mombasa peke yake, na hilo nitalirudia huko mbele.

Lakini je, Mbajuni ni Mswahili au si Mswahili? Hapo ndipo penye utamu, maana Mombasa ilikuwa na sensa yake kabla ya serikali yoyote kuleta karani. Wenyeji wa kale walijihesabu kwa Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili. Matatu ndiyo Tatu Taifa: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza, Washaka, Wakatwa, na Wabajuni. Kila upande ulikuwa na mkubwa wake aliyeitwa tamimu. Kwa hesabu hii ya wazee, Mbajuni yumo ndani, taifa moja kati ya tisa. Kwa jedwali la 2019, yuko nje. Kila hesabu ilikuwa na swali lake. Wazee walitaka kujua nani anakaa upande gani wa baraza la mji. Serikali ilitaka kujua kila mtu anajitaja kwa jina gani, na Wabajuni, walio na visiwa vyao kaskazini ya Lamu na lahaja yao ya Kitikuu, wana kila haki ya kujitaja Wabajuni.

Yasome tena majina hayo tisa, polepole. Pate, Faza na Shaka ni miji ya kaskazini, upande wa Lamu. Mtwapa na Kilifi iko bara ya pwani, kaskazini ya kisiwa. Karibu kila jina ni anwani ya mahali watu walikotoka. Wale tunaowaita wenyeji asilia nao walikuwa wahamiaji, waliokuja kwa nyakati tofauti wakapewa nafasi mjini kwa mapatano. Ninapowaonyesha wanafunzi wangu orodha hii huwaambia kwamba hiyo ndiyo takwimu ya kwanza ya uhamiaji ya Mombasa, ila imeandikwa kwa majina badala ya tarakimu.

Mji wenyewe haukuwahi kujitosheleza. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipopita hapa mwaka 1331 aliona kwamba watu wa kisiwani hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara. Ndiyo kusema, tangu karne ya 14, ukitaka kuijua Mombasa, huna budi kuvuka maji.

Hadi leo ni lazima uvuke. Mtu wa mbali akiitaja Mombasa anaona Ngome ya Yesu, vichochoro vya Kibokoni, milango ya nakshi. Sasa tazama sensa ya 2019, kaunti ndogo kwa kaunti ndogo. Kisauni ilikuwa na watu 291,930. Likoni 250,358. Nyali 216,577. Jomvu 163,415. Changamwe 131,882. Na Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe pamoja na huo Mji wa Kale, watu 154,171. Jumla ni 1,208,333. Kwa kila wakazi wanane wa Mombasa, mmoja tu ndiye alaye na kulala kisiwani. Wenzake saba wanasubiri feri au wamo ndani ya matatu.

Angalia jambo jingine katika orodha hiyo. Mvita, Jomvu, Changamwe: nusu ya kaunti ndogo zina majina ya mataifa yale ya kale. Ila ukienda Changamwe leo, kwenye mitaa iliyokua kwa kazi za reli, bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta, utasikia Kiluo, Kiluhya, Kikamba na Kitaita nyuma ya Kiswahili cha barazani. Jina limebaki la mwenyeji, nyumba zimejaa wageni wa kizazi cha pili na cha tatu ambao si wageni tena.

Walikujaje? Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896, bandari ya Kilindini ikafuata kupanuka, na kazi za kuli zikavuta vijana kutoka bara. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, mji ulikuwa na watu 179,575. Mwaka 1989 wakawa 461,753. Mwaka 2009, 939,370. Katika miaka 57, kuanzia 1962 hadi 2019, idadi imekua karibu mara saba, na uzazi peke yake hauwezi kufanya hivyo. Alama ya uhamiaji wa kazi ipo hadi leo kwenye jinsia: mwaka 2019 Mombasa ilikuwa na wanaume 610,257 na wanawake 598,046, hali Kenya kwa ujumla ina wanawake wengi kuliko wanaume. Mji unaovuta watafuta kazi huvuta wanaume kwanza. Pengo hili sasa ni dogo, na mimi nalisoma hivi: watu hawaji tena peke yao na kurudi; wanaleta jamaa zao na kukaa.

Wamijikenda wanahitaji maelezo yao, kwa kuwa mara nyingi huwekwa kwenye hesabu kana kwamba ni kabila lililokuwapo hivyo tangu azali. Majirani hawa wa kisiwa, Wadigo, Waduruma, Wagiriama, Warabai, Waribe, Wakambe, Wakauma, Wachonyi na Wajibana, kila mmoja alikuwa na kaya yake, yaani kijiji chenye boma msituni, na wazee wake. Watu wa mjini na wakoloni waliwaita kwa jina la kudharau, Wanyika. Jina Mijikenda, miji tisa, wamelichagua wenyewe, na lilipata nguvu katika miaka ya 1940. Kwenye sensa ya 2019 walikuwa 2,488,691 nchini, kundi kubwa mno, na Likoni na Kisauni zingekuwa kitu kingine kabisa bila wao. Mdigo wa Likoni, Mwislamu, aliyeoa Mji wa Kale, ambaye bibi yake alikuwa Mvumba, Mswahili wa pwani ya kusini: huyo unamwekaje? Kwa karne nyingi mpaka kati ya Mswahili na Mdigo umepitika kwa ndoa, kwa dini na kwa kuhamia mjini, na waliovuka hawakuacha daftari.

Hapa nitasimulia jambo. Katika sensa mojawapo nilifuatana na karani mmoja hadi nyumba ya Kiswahili huko Majengo. Nyumba hizi zina ujia katikati na vyumba huku na huku, na mara nyingi kila chumba kina wapangaji wake. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alitukaribisha vizuri sana. Karani akafika kwenye swali la kabila.

"Mama, kabila lako?"

"Langu mimi, au la watoto?"

Baba yake alikuwa Mdigo, mama yake Mbajuni. Marehemu mumewe alikuwa Mkamba aliyesilimu, mfanyakazi wa bandari. Yeye akajitaja Mdigo, kwa sababu ya baba. Mwanawe mkubwa akasema Mkamba, kwa sababu iyo hiyo, ingawa Ukambani hajawahi kufika na Kikamba hakijui hata cha salamu. Binti yake mdogo akasema, "Mimi niandike Mswahili." Karani akanitazama. Nikamwambia aandike alivyoambiwa, kwani kanuni ndiyo hiyo: kabila ni lile mtu analojitaja. Tukatoka kwenye kaya moja, damu moja, sufuria moja, na misimbo mitatu tofauti ya kabila. Na vyumba vya wapangaji bado hatukuvigusa.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza "asilimia ngapi ya Mombasa ni kabila fulani", namjibu kwanza kwa kumwuliza: unamhesabu nani katika nyumba ile?

Wahindi wa Mombasa nao huelezwa kwa kosa moja linalorudiwa sana, kwamba ni wajukuu wa mafundi wa reli. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Zaidi ya 2,000 walifia kazini, na walioamua kubaki ni kama 6,700 tu. Wengi wa Wahindi wa leo ni uzao wa wafanyabiashara waliokuja kwa nauli zao wenyewe kutoka Gujarat na Kachchh. Na "Wahindi" si kundi moja. Bohora, Ismailia, Ithnasheri, Wahindu wa matabaka mbalimbali, Wajaini, Kalasinga: kila mmoja ana mahali pake pa ibada na oa-olewa yake. Kadhalika "Waarabu". Familia za asili ya Omani zilikuja na utawala, hasa baada ya Wareno kung'olewa ngomeni mwaka 1698. Wahadhrami wa Yemen, tunaowaita Washihiri kwa jina la bandari yao ya Shihr, wengi wao walikuja na biashara ndogo ndogo. Wabulushi walikuja kama askari wa masultani, na msikiti wao uko Makadara hadi leo.

Na ng'ambo ya pili, panapoitwa Kengeleni, palikuwa na kengele kweli. Ni ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kanisa la Uingereza katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Asili zao zilitapakaa, Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na baadhi yao walikuwa wamelelewa kwanza India. Vizazi vyao vimo mjini, lakini usiwatafute kwenye jedwali. Kundi lililozaliwa kwa kuvunjwa makabila yake halikuwahi kupewa safu ya kabila.

Sasa nirudi kwenye lile nililoahidi. Matokeo ya kabila ya 2019 yalichapishwa kwa nchi nzima, si kaunti kwa kaunti. Mtu yeyote anayekutumia asilimia kamili za makabila ya Mombasa "kutoka sensa ya 2019" anakutumia makisio ya mtu. Kama mtafiti, jambo hili lilinisumbua kwa muda mrefu. Kama mtoto wa Mombasa, nakumbuka Agosti 1997. Likoni ilivamiwa, vikaratasi vikasambazwa kuwataka watu wa bara waondoke, zaidi ya watu 100 wakauawa katika eneo lile, na maelfu wakakimbilia kanisani na kwingineko. Waliotafutwa walijulikana kwa makabila yao. Sitapigania jedwali la makabila la mtaa kwa mtaa, hata kama lingeirahisishia kazi yangu. Ninayoyahitaji zaidi yapo: mahali pa kuzaliwa, umri, elimu, aina ya makazi. Hayo ndiyo yanayoonyesha nani hana maji na nani hana shule karibu.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba mstari wa kabila hauna maana, kwa kuwa nimeona watu wakiupigania kwa miguu yao. Wakati wa ukoloni, kuandikwa Mwarabu au kuandikwa "native" kuliamua kodi na uwakilishi, na familia za Thenashara Taifa zilihangaika miaka na miaka kwa neno hilo moja. Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walitembea kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Wakatambuliwa, na sensa ya 2019 ikawahesabu 3,764. Watu walioishi hapa kwa vizazi kadhaa bila kuweza kusajili laini ya simu walionekana kwa mara ya kwanza kwenye mstari wao wenyewe.

Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi waliotapakaa Kwale, Mombasa na Kilifi, waliotambuliwa kuwa raia baada ya kungoja miaka mingi. Sensa huja kila baada ya miaka kumi, hivyo inayofuata ni ya 2029. Ikitoka, nitafungua kwanza jedwali la makabila nitafute Mpemba, kisha nishuke hadi Mbajuni na Mswahili nione safari hii wamewekwa pamoja au mbalimbali. Na ujumbe wenu najua utakuja.